Taa Zenye Kugeuza Kichwa: Namna Gani Nuru Inafuata Muziki ku Televizyo



Tangu mwanzo wa mwaka huu wa masomo tumepokea maulizo mingi juu ya zile taa tunazoziona ku televizyo wakati wanamuziki wanaimba. Nuru nyembamba kama fimbo inatoka nyuma ya orkesta, inapanda juu, inageuka, inabadilika rangi, na yote inafanyika sawasawa na ngoma. Wamoja wanasema ile ni laser. Wengine wanasema hakuna taa pale, ni ordinatere inayochora nuru ndani ya picha nyuma ya kupiga filme. Wengine tena wanasema taa zile zinasikia muziki na kucheza zenyewe. Wote watatu wanaweza kuwa na haki siku moja moja, maana laser iko, na ordinatere inaweza kuchora. Lakini fimbo zile za nuru tunazoziona mara nyingi ni taa za kweli, na hazisikii kitu. Basi tumeona vema kueleza jambo hili polepole. Tutakayosema mengi iko tayari ndani ya kaye zetu za fizika na za hesabu.

1. Jina na mwili wake

Mafundi wanaosema Kifaransa wanaita taa hii lire. Si lire ya kusoma, wandugu! Ni jina la kinubi cha zamani. Ukitazama taa kutoka mbele, utaona mikono miwili imesimama kama pembe za kinubi, na katikati yao kichwa kimeshikwa. Chini ya mikono kuna kisanduku ambacho hakigeuki. Ndani ya mwili ule kuna motere nyingi ndogo. Motere moja inageuza mikono kushoto na kuume. Motere ingine inainua kichwa na kukishusha. Ni kama shingo yetu: kwa motere ya kwanza tunasema «hapana», kwa motere ya pili tunasema «ndiyo». Kwa hizi mbili tu, taa inaweza kuelekea karibu kila pahali ndani ya sale.

Kuna lire za namna mbalimbali. Zingine zinamwaga nuru pana kama mtu anayemwaga ndoo ya maji. Hizo ni za kupaka rangi jukwaa lote. Zingine zinachora sanamu ku ukuta. Ile tunayosema leo inaitwa lire bimu, ndiyo ile yenye kutoa nuru nyembamba. Mfano unaojulikana sana ni taa Sharpy ya kiwanda Clay Paky cha Italia, iliyotokea mwaka 2010. Taa hiyo inapima kilo 19, na ampuli yake ni ya wati 189 tu. Tutaitumia katika hesabu zetu.

2. Ampuli ndogo, nuru kali

Wati 189 ni karibu ampuli mbili tu za zamani za wati 100, zile zilizokuwa zinaning'inia ndani ya nyumba zetu. Lakini kiwanda kinatoa hesabu ya kushangaza: ukisimama mbali mita 20 mbele ya Sharpy, unapata nuru ya luksi 59,760. Jua la saa sita, pasipo mawingu, linatoa karibu luksi 100,000. Kumbe taa moja ndogo, kwa mbali ya mita 20, inapita nusu ya jua la mchana! Inawezekanaje?

Jibu ni kwamba taa haikuumba nuru mingi. Imekusanya ile iliyo nayo. Tufanye hesabu. Twaa taa ya kawaida ya jukwaa inayofungua nuru yake kwa digri 30. Mbali ya mita 20, duara la nuru litakuwa na upana wa karibu mita 10.7, ndiyo eneo la karibu mita za mraba 90. Sasa funga nuru ile ile kwa digri 3.8, kama Sharpy inavyofanya. Duara litakuwa na upana wa karibu mita 1.3, ndiyo eneo la karibu mita za mraba 1.4. Gawanya 90 kwa 1.4: nuru ile ile inakuwa na nguvu karibu mara 65. Wanafunzi wa trigonometri wahakikishe wenyewe kwa tanjenti ya nusu ya pembe. Tumeweka hesabu hii hapa makusudi ili waisahihishe.

Lakini kukusanya nuru si jambo rahisi. Tulijifunza kwamba nuru ikitoka ku nukta moja, na nukta ile ikiwa sawasawa ku foka ya lensi, miali itatoka upande wa pili ikienda sambamba. Shida ni neno «nukta». Waya wa ampuli ya zamani ni mrefu, haufanani na nukta, na kwa hiyo miali inatawanyika. Katika lire bimu hakuna waya wa kuwaka. Kuna ncha mbili za madini ya tungsteni, na kati yao nafasi ya karibu milimita moja, ndani ya kioo kidogo kigumu chenye mvuke wa zebaki. Umeme unaruka nafasi ile bila kukoma, kama radi ndogo isiyozimika. Radi ile ndiyo nukta yetu. Kioo chenye kupinda kinakusanya nuru yake, na lensi kubwa ya mbele inainyosha.

Radi hii iko na tabia moja. Ukiizima, haikubali kuwashwa tena mara moja. Inataka kwanza kupoa. Basi, tunapoona nuru inakatika na kurudi ku televizyo, mara nyingi ampuli yenyewe haikuzimika. Kibati kidogo kimepita mbele ya nuru na kuifunga, kama kope la jicho. Taa mpya za LED ndizo zinazoweza kuwaka na kuzimika zenyewe kwa haraka.

Rangi nazo zinafanywa namna ile ile, kwa kuweka kitu mbele ya nuru. Zamani watu walitumia karatasi za rangi za plastiki, lakini mbele ya moto mkali kama huu zinaungua. Ndani ya lire kuna gurudumu lenye vioo vidogo vilivyopakwa tabaka nyembamba sana. Kioo chekundu kinapitisha nyekundu na kurudisha nyuma rangi zingine, bila kuzimeza. Kwa sababu hakizimezi, hakipati moto mwingi, na kinadumu.

3. Juu ya nini tunaona fimbo ya nuru?

Hapa iko siri ambayo wengi hawaizani. Nuru inayopita mbele yako kwa ubavu haionekani. Usiku usio na vumbi, washa torshi na kuielekeza ku ukuta: unaona torshi, unaona duara ku ukuta, lakini katikati huoni kitu. Ili uone njia ya nuru, lazima kitu kidogo kisimame ndani ya njia ile na kutupa sehemu ya nuru machoni mwako.

Jambo hili tunalijua wote. Wakati bati liko na tundu, mwali wa jua unaingia ndani ya nyumba na tunaona vumbi linacheza ndani yake. Si mwali tunaouona, ni vumbi. Mwanafizika John Tyndall, aliyezaliwa Ireland, alichunguza jambo hili katika miaka ya 1860, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake.

Anayetaka jaribio, afanye hivi: ndani ya chumba chenye giza, funika torshi kwa karatoni yenye tundu dogo. Hutaona fimbo. Sasa piga kifutio cha tablo juu ya tundu. Vumbi la chaki litaanguka ndani ya nuru, na fimbo itatokea mara moja.

Kwa sababu hiyo, katika sale za televizyo kuna mashini inayotoa ukungu mwepesi sana, wa maji yaliyochanganywa na glikoli au wa mafuta safi. Mtazamaji hauoni ukungu ule. Anaona tu kwamba nuru imekuwa na mwili. Mlango mkubwa ukifunguliwa na upepo ukiingia, ukungu unakimbia, na taa za bei kali zinabaki kama hazipo.

Kuna jambo la pili. Wale wanaotembea asubuhi ndani ya ukungu wanajua kwamba pikipiki ikija mbele yako, nuru yake ni kali na ndefu. Ikikupita na kwenda, nuru ile inapunguka machoni mwako hata kama taa ni ile ile. Matone ya ukungu yanatupa nuru zaidi upande wa mbele kuliko upande wa nyuma. Basi mafundi wanaweka lire nyuma ya waimbaji, zikielekea upande wa kamera na juu ya vichwa vya watu. Zikiwekwa nyuma ya kamera, fimbo zingekuwa hafifu.

4. Ilianzia wapi

Kabla ya lire, orkesta za Ulaya na Marekani zilipenda nuru nyembamba vilevile. Zilitumia taa za ndege, zile ambazo rubani anawasha wakati wa kushuka. Kila moja ilikuwa ya volti 28, na mafundi waliunga nane mfululizo ili zikubali umeme wa karibu volti 230. (Wanafunzi watajua mara moja ubaya wa kuunga mfululizo: moja ikikufa, zote nane zinazimika.) Lakini taa zile zilifungwa pahali pamoja na rangi moja. Ukitaka miali mia kwa pande mbalimbali, lazima ufunge taa mia.

Mwaka 1980, katika mji wa Dallas, Marekani, mafundi wa kampuni Showco walikuwa wanatafuta taa inayoweza kubadilisha rangi yenyewe. Mmoja wao, Jim Bornhorst, aliona kwamba wakiongeza motere mbili tu, taa itageuka vilevile. Orkesta Genesis ya Uingereza ilikubali kusaidia kazi hiyo kwa mali yake. Tarehe 25 Septemba 1981, katika mji wa Barcelona, Hispania, taa hizo zilionyeshwa mbele ya watu mara ya kwanza katika konseri ya Genesis, kwa jina Vari-Lite. Mwaka 1983 serkali ya Marekani ilimpa Bornhorst hati ya uvumbuzi.

Tuangalie vizuri: motere zilikuwako, ampuli zilikuwako, vioo vya rangi vilikuwako. Uvumbuzi ulikuwa kuviunganisha na kuviwekea amri moja. Ndiyo jambo tunalolifuata sasa.

5. Taa inatii namba

Tulisema taa haisikii muziki. Inasikia nini basi? Inasikia namba. Mwaka 1986 chama cha mafundi wa tiatro cha Marekani kilitoa lugha moja kwa taa zote, na inaitwa DMX512. Ku waya mmoja zinapita namba 512, moja nyuma ya ingine, na kila namba ni kati ya 0 na 255. Zikifika mwisho, zinaanza tena, mpaka karibu mara 44 kwa sekunde moja. Kila taa inajua pahali pa namba zake, kama vile ninyi mnavyojua namba zenu katika orodha ya klasi, na inaacha zingine zipite.

Tuseme taa moja inatumia namba 16: moja kwa kugeuka, moja kwa kuinama, moja kwa rangi, moja kwa kibati cha kufunga nuru, na kuendelea. Gawanya 512 kwa 16: waya mmoja unatosha kwa taa 32. Ikiwa taa ni 320, unahitaji waya kumi.

Hapa kuna swali zuri la hesabu. Lire nyingi zinaweza kugeuka digri 540, ndiyo duara moja na nusu. Ukigawanya 540 kwa 255, hatua moja ni digri 2.1. Inaonekana kidogo, sivyo? Lakini mbali ya mita 20, digri 2.1 ni sentimita 74. Nuru ingeruka kutoka bega la mwimbaji mmoja mpaka kwa jirani yake! Basi mafundi wanatoa namba mbili kwa motere moja: ya kwanza kwa hatua kubwa, ya pili kwa hatua ndogo. 256 mara 256 ni 65,536. Sasa hatua moja, mbali ya mita 20, ni karibu milimita 3 tu, na jicho linaona mwendo laini.

Namba hizo zinaandikwa na mtu. Anakaa ndani ya sale tupu usiku kucha, anasikiliza wimbo mara makumi, na kuamua: ku neno hili taa hizi zipande, ku ngoma ile zigeuke nyekundu. Anayezani mashini ndiyo inayocheza, amesahau yule aliyekesha.

6. Saa ya picha: mfano wa Eurovision

Kuna shindano kubwa la nyimbo linaloonyeshwa ku televizyo ya Ulaya, Eurovision. Lilianza mwaka 1956 ku Lugano, Uswisi. Kila wimbo hauruhusiwi kupita dakika tatu, na kati ya wimbo na wimbo wanaonyesha filme fupi ili wafanyakazi wapate kubadilisha jukwaa kwa mbio.

Mpaka mwaka 1998 orkesta ya kweli ilikuwa inapiga pale. Tangu mwaka 1999 vyombo vyote vinatoka ku muziki uliorekodiwa mbele. Mwimbaji anaimba kwa sauti yake juu ya muziki ule. Wengi walisikitika. Lakini kwa mafundi wa taa badiliko hili lilifungua mlango, kwa sababu muziki uliorekodiwa haubadiliki: ukipigwa leo au kesho, ngoma ya tano inaanguka ku sehemu ile ile ya sekunde. Televizyo ya Ulaya inaonyesha picha 25 kwa sekunde. Dakika tatu ni sekunde 180, ndiyo picha 4,500. Mafundi wanaunga taa na saa yenye kuhesabu picha hizo, na wanaandika: ku picha fulani, fanya hivi. Wimbo ukianza, saa inatembea, na taa mamia zinatii pamoja bila kidole cha mtu. Hata watu wa kamera wanajua mbele ni kamera gani itaonyeshwa wakati gani.

Muziki yetu ya Kongo inaleta shida ingine. Nani anaweza kuandika mbele urefu wa sebene? Watu wakicheza vizuri, atalaku anaongeza, gitaa inaendelea, na dakika tatu zinakuwa kumi. Saa ya picha haiwezi kufuata hiyo. Pale fundi wa taa anapanga vipande vifupi, na kidole chake kinabaki juu ya kifungo. Lazima ajue wimbo kama mpiga ngoma anavyoujua, na kutazama mikono ya kiongozi wa orkesta.

7. Kamera si jicho

Mtu aliyekaa ndani ya sale anaona fimbo kali za nuru, na vilevile anaona uso wa mwimbaji uliomo kivulini. Jicho letu ni la ajabu katika jambo hilo. Kamera haiwezi sawa na jicho. Ikifungua tundu lake kwa ajili ya uso, fimbo zinakuwa nyeupe tupu na rangi yao inapotea. Ikifunga tundu kwa ajili ya fimbo, uso unakuwa giza.

Simu zetu zinaonyesha ubaya huu wazi. Zinapima nuru zenyewe. Zikikuta taa kali nyuma ya mwimbaji, zinafunga. Na sisi wenye ngozi nyeusi ndio tunaopotea wa kwanza. Wangapi kati yetu wako na videyo ya sikukuu ambamo taa zinaonekana vizuri na dada aliyeimba solo ni kivuli tu?

Kwa hiyo ku televizyo kazi inaanza na uso. Kwanza wanaweka taa laini mbele ya mwimbaji, juu kidogo na kwa ubavu. Wanapima. Nyuma ya hapo ndipo wanaongeza lire, na kuzipunguza mpaka zikubaliane na uso. Watazamaji wanasifu fimbo za nuru, lakini taa ya maana kuliko zote ni ile wasiyoiona.

8. Jambo la kuogopa: nuru inayopigapiga

Tarehe 16 Desemba 1997, ku Japani, televizyo ilionyesha kipande cha filme ya watoto Pokémon. Ndani yake rangi nyekundu na buluu zilibadilishana karibu mara 12 kwa sekunde, kwa muda wa sekunde chache tu. Usiku ule watoto karibu 685 walipelekwa hospitali. Wamoja walikuwa na degedege, wengine kizunguzungu na kichefuchefu.

Kuna watu ambao ubongo wao haukubali nuru yenye kupigapiga. Hatari kubwa iko kati ya mara 3 na mara 30 kwa sekunde. Kwa hiyo sheria za televizyo ya Uingereza zinakataza kupita mapigo 3 kwa sekunde. Lire bimu inaweza kupita hapo kwa urahisi, na ndiyo sababu anayeshika kifungo ashike vilevile kipimo hiki.

Wandugu, tuseme wazi. Kati yetu kuna wale wenye kifafa, na wengine wanaficha kwa haya. Kifafa si cha kuambukiza. Mate ya mgonjwa hayapeleki ugonjwa kwa mtu. Mtu akianguka, usimkimbie. Ondoa vitu vigumu karibu naye, weka nguo laini chini ya kichwa chake, usimfunge mikono, usiweke kijiko wala kitu chochote kinywani mwake. Mageuko yakipita, mlaze kwa ubavu na kukaa naye. Yakipita dakika tano bila kukoma, mpelekeni hospitali haraka.

9. Kwa sikukuu yetu

Sasa tunafika ku ombi la kamati ya sikukuu ya mwisho wa mwaka. Kamati imewaza kupanga lire sita ku mji na kuzifunga juu, ku mbao za paa la sale, ili koro zetu zipigwe videyo «kama ku televizyo». Kamati imetuuliza mawazo yetu. Tunayatoa kwa heshima, na tunaomba Bwana Prefe na walimu wa fizika watazame hesabu zetu.

Uzito: 6 mara 19 ni kilo 114, juu ya vichwa vya waimbaji. Tena si uzito uliolala. Kila kichwa kinapogeuka kwa haraka na kusimama gafula, kinatikisa mbao zinazokishika. Mbao zetu ziliwekwa kwa kubeba bati. Ku Ulaya taa hizi zinafungwa ku chuma maalum, na kila moja inapewa kamba ya pili ya chuma, ili ndoano ikivunjika taa isianguke. Sisi hatuna chuma kile.

Umeme: taa moja ya namna hii inakula karibu wati 350, kwa sababu motere na feni zinakula vilevile. Sita ni wati 2,100. Jenereta ndogo ya wati 2,000 imekwisha kushindwa, na bado hatujawasha mikrofoni wala ampli.

Moto: nuru iliyokusanywa inaweza kuunguza pazia lililo karibu. Kila kiwanda kinaandika ku mwili wa taa mbali gani isipunguke. Isomwe kwanza.

Ukungu: sale yetu iko na madirisha wazi pande mbili. Ukungu hautakaa. Na tunaomba kabisa mtu asijaribu kuchoma majani mabichi au mafuta ndani ya sale ili kutafuta moshi. Moshi ule unaua.

Basi tunashauri hivi. Zipangwe lire mbili tu, si sita. Zinakula wati 700. Ziwekwe chini, nyuma ya koro, juu ya meza mbili zenye nguvu, na duara la kamba kuzizunguka ili mtoto asikaribie. Zielekee juu, zipite vichwa vya watu, zisishuke machoni. Feza inayobaki ilipie taa mbili laini za mbele kwa ajili ya nyuso. Mbele ya kupiga videyo, gusa uso wa mwimbaji ku kioo cha simu ili simu ipime pale. Kupigapiga kwa nuru kukatazwe kabisa. Na ku kifungo asiwekwe yule anayependa mashini, awekwe mwanafunzi wa koro anayejua nyimbo zote, mahali pa kupumua na mahali pa kurudia.

Kwa taa mbili hatutafanana na Düsseldorf wala na Paris. Lakini dada wa solo ataonekana uso wake, na kila aliyeingia atarudi ku nyumba mzima.

Anayeona kosa ku hesabu zetu, au mwenye swali ingine, aandike ku karatasi na kuitia ndani ya sanduku la gazeti, karibu na mlango wa biblioteke. Tutajibu katika toleo linalofuata.